Kila Mtu Alitaka Namba Moja

6 Machi, Jumapili

Nimefika Nyarero. Kaka yangu Okal alinipokea barabarani, akaniambia nisishangae watu. Nilishangaa. Anasema mwaka jana hapa palikuwa na mashamba ya mihogo na maduka mawili. Kisha mtu mmoja alichimba shimo la choo akakuta jiwe lenye dhahabu, na sasa vibanda vya turubai vimejaa mpaka mguuni mwa mlima.

Nitakaa kwa mama Agustina, mwenye kibanda cha kuchaji simu, nimsaidie mpaka majina ya kidato cha tano yatoke. Okal analala mlimani na wenzake. Nimemtumia mama ujumbe kule Shirati kwamba nimefika salama. Sikumwambia kwamba tangu Okal anishushie begi sijaongea na mtu.

7 Machi

Kazi yangu: kuchaji, na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa kompyuta ya zamani ya mama Agustina. Naipenda kaunta. Mtu anatoa simu, nampa kipande cha boksi chenye namba, anaondoka. Hakuna anayehitaji niseme.

9 Machi

Leo nimeelewa habari ya redio. Mlimani shimo la dhahabu linaitwa duara. Kila duara lina redio mbili za mkononi, moja kwa mtu aliye chini, nyingine kwa mtu wa winchi aliye juu. Wa chini akisema "vuta", wa juu anazungusha winchi na gunia la mawe linapanda. Zamani walitikisa kamba, lakini sasa mashimo ni marefu. Jioni redio zote zinaletwa kwetu kuchajiwa. Mama Agustina amezifunga tepu za rangi zisichanganyike: nyekundu za Ogada, mwenye duara ambako Okal anafanya kazi, buluu za Matiko, nyeupe za Nyangwine, wenye maduara mengine. Iko moja isiyo na tepu, ni ya kibanda, ya kujaribia chaja.

Juu ya redio kuna swichi ya kuzungusha, moja mpaka kumi na sita. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inatamka namba kwa Kiingereza.

"Huyo ndiye mwanamke pekee wanayemruhusu kufika kwenye duara," alisema mama Agustina. "Mimi na wewe tukivuka ile kamba waliyozungushia duara wanasema dhahabu inakimbia."

12 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

15 Machi

Okal ameumia. Hajafa.

Alikuwa chini, mita thelathini na tano, amepiga goti anafunga gunia la mawe kwenye kamba. Hajamaliza. Juu, mtu wa winchi akasikia redio inasema, "Vuta, mura, vuta!" Akavuta. Gunia likapanda limefungwa nusu, likamwagika. Jiwe moja lilimpata begani. Kama lingempata kichwani, sasa hivi ningekuwa njiani kwenda kumwambia mama.

Okal hakusema vuta, na sisi Wajaluo hatuiti kijana "mura", hicho ni Kikurya. Aliyesema ni Nashoni, kijana wa duara la Matiko, ng'ambo ya mgongo wa mlima. Gunia lake yeye lilikuwa tayari.

Jioni Ogada alikuja kibandani anatoka jasho kwa hasira.

"Matiko anatusikiliza! Anataka kujua tumefika mwamba gani. Sasa ameanza kuniulia watu."

"Matiko naye alikuja hapa juzi kusema wewe ndiye unamsikiliza," mama Agustina akamjibu.

"Mimi? Yule ana nini cha kusikilizwa?"

Nilijua jibu. Redio zote zilitoka Sirari kwenye boksi moja, na zote ziko kwenye moja. Nilisema, lakini kwa sauti niliyoisikia mwenyewe tu.

"Sema kwa nguvu, mtoto. Hapa hatusomi midomo," mama Agustina akaniambia.

"Shikamoo mzee," nikaanza upya. "Redio zote ziko namba moja. Ukizungusha uende mbili hamtasikiana tena."

Ogada alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu. "Matiko abaki moja, mimi niwe mbili? Kila asubuhi redio itangaze mbele ya vijana wangu kwamba mimi ni wa pili?"

"Au tatu, mzee," nikasema.

Mama Agustina alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi sikuwa natania.

16 Machi

Nilimwambia Matiko vilevile. Alisema duara lake ndilo la kwanza kuchimbwa mlimani, kwa hiyo namba moja ni ya kwake kwa kuzaliwa. "Ogada aende huko kumi na sita na Wajaluo wake." Kisha akaniona vizuri. "Si wewe, binti. Wewe unachaji vizuri."

Nyangwine alituma mtu kusema kwamba yeye hana ugomvi na yeyote, ila kwenye moja hatoki.

18 Machi

Okal amelala kwenye godoro langu, bega limevimba kama embe. Anasema likipona atarudi chini. Nilimwomba asirudi. "Nyaminwa," akaniambia, dada yangu kwa Kijaluo, "ada yako ya kidato cha tano iko kwenye mwamba ule." Nilitoka kuangalia chaja ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

19 Machi

Nimesoma karatasi iliyokuja na redio, na mengine kwenye simu. Namba ile ya juu ni jina tu. Ndani ya kila namba yamehifadhiwa masafa, na masafa yanaweza kubadilishwa kwa kompyuta kupitia kebo ya USB. Maana yake, moja ya Ogada inaweza kuwa na masafa yake na moja ya Matiko yake. Kila mtu abaki moja, na asimsikie mwenzake.

Nimekaa na wazo hili mchana kutwa. Hakuna wa kumwambia isipokuwa daftari.

24 Machi

Mama Agustina aliniletea kebo kutoka Sirari. Nilichomeka, kompyuta ikaonyesha alama ya njano na kusema kifaa hakiwezi kuanza. Nilifuta, nikaanza upya, mara tisa.

Nimepasua kichwa cha kebo kwa wembe. Ndani kuna chipu nyeusi ndogo kama punje ya maharage, haijaandikwa kitu mgongoni. Kazi yake ni kusimama katikati: kompyuta inaongea haraka kwa namna ya USB, redio inaongea polepole kwa namna ya zamani, na chipu inawatafsiria. Nimesoma kwamba hii imeigiza chipu ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo imeweka mtego kwenye programu yake. Chipu ikijifanya ni yake, inakataliwa mlangoni.

25 Machi

Okal ameweza kuinua mkono mpaka usawa wa sikio.

31 Machi

Mama Agustina alimpigia mchuuzi wa Sirari akamsema kwa Kikurya mpaka yule akatuma kitu kingine bila kuulizwa. Ni kibao kidogo kama kucha ya dole gumba, upande mmoja mdomo wa USB, upande mwingine sindano sita. Katikati kuna chipu yenye miguu kumi na sita, na mgongoni imeandikwa CH340. Mchuuzi anasema ni rahisi kuliko soda na mteja wake wa kwanza ni mimi. Kwenye simu wengi wanaidharau kwa sababu ya bei. Mimi nimeipenda kwa sababu haijaficha jina lake.

Ilibidi nipande mpaka kwenye mwamba wa kanisa kupata mtandao wa kupakua programu yake. Niliporudi nikachomeka. Alama ya njano haikuja.

Kisha nikafanya jaribio nililolisoma. Sindano moja ni ya kusema, nyingine ni ya kusikia. Ukiziunganisha kwa waya, unachoandika kwenye kompyuta kinatoka, kinazunguka, kinakurudia. Kama chipu ni nzima, maneno yanarudi sawasawa. Niliandika jina langu, "Amondi". Ikarudi "Amondi". Niliandika "umeshindaje". Ikarudi "umeshindaje". Nilicheza hivyo muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji. Mama Agustina akauliza naongea na nani.

3 Aprili, Jumapili

Nimekata kebo ya kwanza na kuunganisha waya zake na kibao kipya. Redio haijibu. Okal anasema Jumatatu ya wiki ijayo anarudi kazini.

4 Aprili

Haijibu.

5 Aprili

Haijibu. Nimemfokea mteja. Sijawahi kumfokea mtu maishani. Alikuwa ameuliza tu simu yake imefika asilimia ngapi.

6 Aprili

Kosa lilikuwa langu. Nilifunga waya wa kusema kwenye waya wa kusema, na wa kusikia kwenye wa kusikia, nikidhani vinavyofanana ndivyo vinavyokaa pamoja. Kinachosema huku lazima kiende kwa kinachosikia kule. Nilivuka waya, taa ya redio ikameta, na kwenye kompyuta zikashuka safu kumi na sita za masafa. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

9 Aprili

Mvua kubwa tangu alfajiri, maduara yote yamefungwa, redio zote sita ziko kibandani. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimemaliza. Moja ya Ogada ina masafa yake, ya Matiko yake, ya Nyangwine yake. Nimepanga namba zote kumi na sita za kila redio zisiingiliane na za mwenzake, ili hata tope likizungusha swichi pasiwe na kusikilizana. Redio ya kibanda nimeipa yote matatu: moja Ogada, mbili Matiko, tatu Nyangwine.

Nilimwambia Okal peke yake. Alinikumbatia kwa mkono mzima. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Ogada akijua redio yake imefunguliwa na msichana, atasema nimemletea nuksi."

11 Aprili

Okal amerudi chini. Nimeweka redio ya kibanda kwenye moja. "Vuta." "Navuta." Sauti yake tu na ya mwenzake. Mchana ndipo niliposikia njaa.

14 Aprili

Kila mtu ana furaha. Matiko anasema amemkomesha Ogada. Ogada anasema yuko mtaalamu wa dawa za kienyeji alimwona huko Ingwe na sasa Matiko hawezi kumsikia. Niliwarudishia redio zao, nikachukua vipande vyangu vya boksi.

17 Aprili, Pasaka

Mama Agustina alikwenda kwao. Okal hakuja. Nilizungusha swichi mpaka namba mbili, nikasikia vijana wa Matiko wanataniana. Nashoni alikuwa anamwambia mtu wa winchi, Nchagwa, kwamba akipata jiwe zuri atamnunulia mama yake godoro la inchi nane, "mpaka apande kwa ngazi." Walicheka. Nami nilicheka huku niliko, kidole kikiwa mbali na kitufe.

20 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua. Ukuta wa nyuma umeanza kuvuja.

26 Aprili

Naandika yote kwa mpangilio, maana nadhani nitaulizwa.

Asubuhi ilinyesha, maduara yakafungwa. Lakini vijana watatu wa Matiko walishuka kwa sababu jana waliona mwamba mzuri na waliogopa mtu mwingine asiuwahi. Mimi sikujua. Redio ilikuwa kwenye moja kama kawaida, kwa ajili ya Okal, na ilikuwa kimya.

Saa nne na nusu hivi nilizungusha kwenda mbili. Sina sababu. Nilitaka kusikia watu.

Nilimsikia Nchagwa. Sauti ilikuwa imeshakauka. "Ogada! Nyangwine! Leteni pampu! Maji yametoboa kutoka shimo la zamani! Jamani, mnanisikia, leteni pampu!" Alikuwa anaachia kitufe kusubiri jibu, kisha anaanza tena. Alikuwa peke yake juu, hawezi kuiacha winchi. Kati ya maneno yake ikaingia sauti nyingine kutoka chini, ya Nashoni, na maji yanasikika nyuma yake: "Nchagwa, wamejibu?"

"Wanakuja, mura. Wanakuja."

Hakuna aliyekuwa anakuja. Nilikuwa nimewatenganisha.

Nilizungusha kwenda moja, nikabonyeza. Nilisema, "Duara la Ogada." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea kwenye redio.

"Nani huyo? Mwanamke? Mama, toka, hii si simu."

"Duara la Matiko limeingia maji. Wanataka pampu."

Nilisikia kicheko cha watu wengi, walikuwa wamejikinga chini ya mabati. "Matiko sasa anatuma wanawake. Tutoke kwenye duara letu ili aingie yeye?"

Nilisema tena. Wakazidi kucheka. Nikabonyeza nikasema kwa Kijaluo, kwa nguvu ambayo sikujua ninayo, "Okal, ni mimi Amondi! Watu wanakufa! Chukua pampu!"

Nikaachia kitufe. Kisha Okal: "Nimekusikia."

Walikimbia, wanne, na pampu mabegani. Wawili walitolewa hai. Nashoni alitolewa saa kumi.

27 Aprili

Sikufungua kibanda.

28 Aprili

Nchagwa anasema msibani kwamba aliita karibu nusu saa, na kina Ogada wakanyamaza makusudi, mpaka aibu ikawazidi. Kila mtu anamwamini kwa sababu ndivyo alivyoona yeye. Mchana walipita kibandani vijana wanne wa Matiko. Hawakuleta simu. Mmoja alikuwa na panga jipya, karatasi ya dukani bado imebaki kwenye mpini. Alimuuliza mama Agustina, "Yule kaka wa huyu analala wapi siku hizi?"

"Mimi nalala na kaka za watu?" akamjibu. Hawakucheka.

Okal hataki kukimbia. Anasema akikimbia atakuwa amekubali.

Nilimweleza mama Agustina kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa bati mchana kweupe.

"Nyamaza," akasema. "Wataichoma hii nyumba na sisi ndani."

"Wasiponichoma mimi watamkata Okal."

"Nimesema nyamaza, mtoto." Lakini alikuwa analia.

29 Aprili

Leo ndiyo mazishi. Alfajiri nilifungasha redio tatu kwenye kanga: ya kibanda, na moja ya Ogada na moja ya Matiko zilizobaki kwenye chaja tangu jioni ya tarehe 26. Mama Agustina alikuwa ameshavaa, amekaa mlangoni. "Kikurya chako ni cha salamu tu," akasema. "Nani atakusemea?"

Nyumbani kwa kina Nashoni wanaume walikaa upande mmoja, Matiko katikati. Ogada alikuwa amekuja na watu wake, Okal miongoni mwao, wamesimama nje ya ua, hawajakaribishwa. Nilipiga magoti mbele ya Matiko, nikamwamkia. Nikampa redio yenye tepu ya buluu. Ya nyekundu nikampelekea Ogada. Nikamwomba Matiko aseme neno lolote.

"Nini hii?"

"Naomba useme tu, mzee."

Alibonyeza akasema, "Ogada." Kwenye mkono wa Ogada redio ilinyamaza. Akasema tena. Kimya. Nikawasha ile ya kibanda, nikaiweka mbili, nikamwomba mara ya tatu. Jina la Ogada likatoka mkononi mwangu.

"Hawakunyamaza," nikasema. "Hawakusikia. Mimi ndiye niliyezibadilisha. Kila mmoja alitaka moja, nikampa kila mmoja moja yake. Nilitaka wasivutiane kamba. Sikufikiria siku ya kuitana."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee."

Mama Agustina alitafsiri kwa sauti kubwa, hakuruka kitu. Matiko aliendelea kuitazama ile redio ya buluu. Vijana wakaanza kusogea, nikasikia Okal anaingia uani bila ruhusa. Hapo mama yake Nashoni, mama Waisiko, aliyekuwa ameketi mlangoni kati ya wanawake, akasema kitu, na wote wakasimama walipo.

"Anauliza kama ulimsikia mwanawe," mama Agustina akaniambia.

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Aliuliza, 'Wamejibu?'"

Nchagwa alikuwa ameketi chini, uso magotini. Alisema bila kuinua kichwa, "Nilimwambia wanakuja."

"Walikuwa wanakuja?" akauliza mama Waisiko, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili, akinitazama mimi.

Hakuna aliyejibu badala yangu.

"Bado, mama. Nilikuwa sijawaambia."

Kisha akageukia wanaume akasema maneno machache. Mama Agustina hakunitafsiria mpaka tulipofika barabarani. Alisema: leo nina mmoja wa kuzika, sitaki wa pili, na huyo msichana aondoke mbele ya macho yangu.

1 Mei

Hakuna aliyeleta simu.

5 Mei

Hakuna aliyeleta simu. Mama Agustina anashona mashuka ili asikae bure. Hanilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu.

10 Mei

Nchagwa alikuja, akaweka redio mbili za buluu kwenye kaunta.

"Mzee anasema uweke namba yoyote."

"Mbili?"

"Yoyote, dada. Amesema yoyote."

Alikaa kidogo, kama mtu aliyesahau jambo jingine alilotumwa. Kisha akaondoka.

11 Mei

Ogada alipopata habari kwamba Matiko amekubali mbili, alikuja mwenyewe kusema kwamba kama ni hivyo yeye anachukua tatu. Nyangwine kachukua nne. Nimetumia kibao kilekile, redio sita, mpaka saa tisa alasiri. Namba moja nimeipa masafa yaleyale kwenye redio zote. Haina mwenyewe. Ni ya kuomba msaada tu, na ya kibanda inakaa hapo mchana kutwa.

"Na atakayekaa kuisikiliza ni nani?" mama Agustina aliuliza.

Nilidhani ananitania.

14 Mei

Mvua imepungua. Maduara yamefunguliwa, Okal ameshuka tangu saa moja. Sisikii "vuta" yake tena, wala kicheko cha mtu yeyote. Mwanamke wa ndani ya redio alitamka namba yake nilipowasha, kisha moja ikawa kimya. Wateja wanne. Chakula cha mchana nilikula nikiwa nimesimama, redio sikioni. Kimya mpaka jioni, mpaka nikawaona vijana wa maduara wanashuka mlimani, nikawahesabu.